Rola ya Upande wa Dirisha

Mashine yetu ya kukata stika ilianza kupiga kelele kabla mwenzangu hajaondoka. Nataka hilo lieleweke mapema, maana majirani wa jengo letu wamenisingizia kwamba mimi ndiye niliyeizeesha. Kila kisu chake kilipofika upande wa dirisha ilitoa mlio mwembamba, kwii, halafu ikarudi upande wa ukuta kimya, kama mtu asiyehusika. Mwenzangu alikuwa akiitikia. "Nimesikia bibi, pole," aliiambia, akaendelea na chai yake ya tangawizi. Mimi niliiambia maneno mengine ambayo hayaandikiki.

Mwenzangu ni mwanamke wa Pwani. Alikuja Nairobi baada ya ndoa yake kuvunjika, akakaa kwa shangazi yake Parklands, na tulikutana tukiwa waajiriwa katika duka la mabango la mtu mwingine. Mimi ni wa Uthiru, hapa hapa kando ya Nairobi. Nimezaliwa pale pale ninapolala hadi leo, kwenye shamba la babu ambalo sasa ni vyumba vya kupangisha na ng'ombe mmoja mkaidi. Tulipochoka kufokewa na mwajiri tulinunua mashine iliyokwisha kutumika, tukakodi chumba ghorofani huku upande wa chini wa mji, penye ngazi zinazonuka gundi na chipsi, tukaanza kivyetu.

Mashine hiyo tuliiita plota, kama wote wa kazi hii. Unaitia karatasi ya stika, inaibana kwa rola mbili za mpira, moja upande wa ukuta na moja upande wa dirisha. Rola zinavuta karatasi mbele na nyuma, na kisu kidogo kama ncha ya sindano kinatembea juu yake kikikata herufi. Ikimaliza, hakuna unachokiona. Ni karatasi nyekundu tu yenye mikwaruzo. Ndipo kazi yangu ilipoanza: kung'oa kwa pini vipande visivyotakiwa, tumbo la O, pembe ya A, mpaka neno libaki peke yake. Mwenzangu aliiita kazi hiyo kuchambua, kama mchele, na jina likakaa.

Kwa hiyo yeye alichora kwenye kompyuta, mimi nikachambua na kubandika. Hatukukaa kikao kugawana. Yeye alikuwa na mkono wa kuchora na mimi nilijulikana sina. Nilijaribu, jamani. Nilichora majina ya saluni, ya maduka ya dawa, ya kanisa letu. Kwenye kompyuta neno lilionekana sawa, likikatwa lilianza vizuri upande wa ukuta na kufika upande wa dirisha limepungua kimo, herufi za mwisho zimechuchumaa. Mwenzangu angeitazama ile karatasi, ainamishe kichwa, na kusema kwa upole, "Jicho lako lachoka mapema, mwenzangu. Lete." Yake ilitoka imenyooka kama kamba ya kuanikia. Nilikwenda hata kupimwa macho. Nikapewa miwani, nikaivaa, na herufi zangu zikaendelea kuchuchumaa.

Sikumwonea wivu. Nilimpenda, na wacha niseme hivyo hivyo. Alikuwa na mzaha unaofanya siku iishe. Mteja akilalamika kwamba bango ni la nini, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, yeye alimjibu, "Sisi ndio miguu ya kibaya. Keti." Krismasi alikuja Uthiru, akala mukimo wetu wa viazi na mahindi huku macho yakitafuta pilipili. Idi nilikwenda Parklands, nikala pilau mpaka shangazi yake akaniuliza kama kwetu kumeingia njaa. Na hakuruhusu plota iguswe kabla hajasema Bismillahi. Nilimcheka, nikamwambia hiyo ni mashine ya kiwandani, haina dini. Alisema, "Haina. Sisi tunazo."

Kisha mama yake akaanguka bafuni huko Mombasa, akavunjika nyonga. Mwenzangu alifunga sanduku. Alisema ni miezi miwili tu, hadi mama asimame. Mlangoni aligeuka akaitazama mashine, akanitazama mimi. "Usiiuze mpaka nirudi," akasema. Nikamwambia siuzi. Na sikuuza.

Mama hakusimama. Miezi ikawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine. Kila Idi alinipigia na kila Idi alisema inshallah baada ya hii. Nami nilikuwa nimejiwekea imani yangu, ya kijinga lakini ni yangu: mashine ikiwa hai, atarudi. Ikifa, hatakuwa na cha kurudia. Kwa hiyo niliifuta vumbi kila asubuhi. Kiti chake chenye mto wa maua hakuna aliyekikalia, wateja nilikuwa nawasimamisha. Fundi cherehani wa mlango wa pili alitaka kukiazima, akaniambia, "Asiyekuwepo na lake halipo." Nikamwambia lipo, na nikamwonyesha mlango ulipo. Hata Bismillahi yenyewe, mimi, binti wa mzee wa kanisa, nilijikuta naisema kila nikibonyeza, kwa sauti ndogo baba asije akasikia kaburini.

Kazi zilienda kwa michoro aliyoacha. Alikuwa ameihifadhi yote kwenye kompyuta, na mteja wa zamani akija nilifungua mchoro wake, nikabadilisha nambari ya simu, nikakata. Lakini mwaka huu hata michoro yake ilianza kuchuchumaa. Kwanza kidogo, kiasi cha mimi peke yangu kukiona. Kisha akaja mzee wa nyama choma.

Huyu ana kibanda Kenyatta Market, na bango lake mwenzangu ndiye aliyelichora, lenye C yenye mkia uliojikunja kama ndoano ya bucha. Moshi ulikuwa umelila. "Mama, mimi nataka ile ile," aliniambia. "Wateja wangu wananijua na hiyo C. Usiniletee ingine." Nikamwambia hata asitie shaka. Nikafungua mchoro, nikasema Bismillahi, nikabonyeza. NYAMA CHOMA ikatoka na vichwa vikubwa mwanzoni, mwishoni ikapiga magoti.

Nilibadilisha kisu. Nikapunguza kasi. Nikafunua ule ukanda mweupe ambao kisu hupita juu yake, nikaukuta umechimbika, nikauvika tepu mpya. Nikasafisha kila pahali kwa mswaki na spiriti. Nikabadilisha waya wa kompyuta. Nikaizima, nikaiacha ipumzike kama mgonjwa, nikaenda kununua mahindi ya kuchoma nikarudi, nikaiwasha. Kwii, ikafanya. Magoti yale yale. Nikaipiga kofi, na kofi halikusaidia.

Hofu iliyonishika si ya mzee wa choma. Nilisimama pale na stika iliyoharibika mkononi nikafikiri: basi ndiyo hii, inakufa, na mwenzangu hatarudi tena.

Nikaita fundi. Ni mwanamume wa makamo anayetengeneza mashine za kuchapa kwenye jengo la ng'ambo ya barabara, msemaji, mwenye bisibisi kumi mfukoni na hakuna hata moja anayoipata akiitafuta. Alipiga magoti, akamulika kwa simu, akagusa ile rola ya upande wa dirisha kwa kidole gumba.

"Mathe, hii imeisha," akasema, maana kila mama kwake ni mathe. "Ona vile imelika upande mmoja, kama kisigino cha kiatu. Hii jua ya dirisha ndio imekausha mpira. Haishiki karatasi, inateleza. Sasa huku kwa ukuta inavuta poa, huku kwa dirisha inabaki nyuma."

"Tangu lini?"

"Hii? Hii ni ya miaka na miaka. Hata sijui mmekuwa mkifanya kazi aje."

Sikulitia maanani neno hilo. Nilikuwa na furaha tu kwamba haifi. Akaenda, akaleta rola mbili mpya, akazitia. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikafungua mchoro wa mwenzangu, Bismillahi, nikabonyeza. Mashine ikaenda hadi dirishani na kurudi bila kelele yoyote. Kimya kile kilinitisha kidogo, lakini nikasema ndiyo afya hiyo.

Nilipochambua, nilikuta herufi zinapanda. N fupi, Y ndefu kidogo, na kuendelea, hadi ile A ya mwisho iliyokuwa ndefu kuliko zote, kama watoto waliopangwa kwa kimo siku ya picha ya shule.

Nilimgeukia fundi. Nilimwambia ameniharibia mashine, kwamba imeishi miaka yote hiyo na wanawake wawili wasiojua bisibisi, leo amekuja yeye na maneno mengi akaivunja. Alikusanya bisibisi zake mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akachukua rula.

"Chora mraba," akasema. "Kubwa, kutoka huku mpaka huku."

Nikachora, tukakata. Akapima upande wa ukuta, akapima upande wa dirisha, akanipa rula nipime mwenyewe. Zilikuwa sawasawa. "Mathe, mashine iko sawa," akasema. "Ni hiyo herufi ndio imechorwa hivyo. Hebu jaribu kitu yako wewe."

Sikuwa na kitu changu. Halafu nikakumbuka mchoro wa saluni moja nilioutupa pembeni zamani, mmojawapo wa wale wachuchumaaji wangu. Nikaufungua. Sikugusa chochote. Nikakata, nikachambua, nikaubandika kwenye kioo cha dirisha tuutazame.

Ulikuwa umenyooka. Kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, umenyooka. Nilivua miwani nikautazama, nikaivaa tena nikautazama. Ndipo nikakaa, na kumbe nilichokikalia ni kile kiti chenye mto wa maua.

Nikampigia simu. Sikutoa hata salamu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Wa alaykum salaam," akajibu. "Na mimi sijambo."

"Rola ya upande wa dirisha. Ulijua imekwisha?"

Nyuma yake nilimsikia mama yake akiomba maji. "Nani kakwambia?"

"Fundi yuko hapa."

"Nishajua tangu mwaka wa kwanza," akasema. "Ilikuwa yapunguza upande ule. Basi mimi nikawa naongeza. Ikizidi kupunguza, nami nazidi kuongeza. Mkono ukazoea."

"Na mimi ukaniacha na miwani."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwenzangu," akasema, "nilikuja mji huo na sanduku moja. Mji ni wenu, kwenu hapo Uthiru mwafika kwa miguu mkitaka. Wateja wakupigia wewe. Mimi nilikuwa na nini? Ungejua kwamba wajua kuchora, ungenitakia nini?"

Nilikasirika. Nisidanganye, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Miaka yote ile nikijiita kipofu. Lakini hasira yenyewe haikupata pa kusimama, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake na nilikuwa namtaka arudi akikalie.

"Nilikutaka wewe," nikamwambia. "Mabango ningeyapata hata kwa jirani."

Nilimsikia anampelekea mama yake maji.

Fundi alikuwa amesimama na zile rola kuukuu mkononi. "Mathe, hizi za zamani niweke wapi?"

Nikaona nafasi yangu. "Umemsikia?" nikamwambia mwenzangu. "Anauliza za zamani. Nimwambie azirudishe? Michoro yako yote umeipima kwa hizi. Ukija utafanya kazi na mashine gani?"

Lilikuwa swali la rola. Sote wawili tulijua si la rola.

"Mwambie azitupe," akasema.

"Zote?"

"Zote, mwenzangu. Mama aniita."

Simu ikakatika. Hakusema inshallah. Miaka yote aliisema, hata kwa mambo ya kesho asubuhi, na siku hiyo hakuisema. Ndivyo nilivyojua harudi.

Fundi aliuliza kama niko sawa. Nikamwambia ni gundi inaniwasha macho. Akaziweka rola mezani polepole, akaniambia nitamlipa siku nyingine, akaenda zake.

Bango la mzee wa choma lilinichukua siku kadhaa. Ningeweza kuiamuru kompyuta ishushe zile herufi zote mara moja. Nilijaribu, zikashuka, lakini zilibaki nene pale alipozinenepesha na nyembamba pale alipozibana, maana mkono wake haukuwa ukiongeza kimo tu. Alikuwa amezishika moja moja. Basi nami nikazishika moja moja. Nilianza na N ambayo haikuhitaji kitu. Kwa kila moja iliyofuata nilijiuliza alitaka iweje, nikapunguza pale alipoongeza, nikamwacha pale alipokuwa yeye mwenyewe. Wakati mwingine nilimlaani kwa sauti. Wakati mwingine nilimwuliza, "Hapa je?" na kusubiri, kwa mazoea. Ile C yenye ndoano sikuigusa ila kimo. Kuna kitu ambacho sikukitarajia: nilikuwa na raha. Hamu ya kumwona ilinijaa na bado nilikuwa na raha ya kuchora, vyote viwili kwa pamoja, na sikujua nimweleze nani maana wa kumweleza ndiye huyo huyo.

Tulilipandisha bango mchana, moshi ukiwa umeanza. Mzee akarudi nyuma hadi kwenye kibanda cha wasusi, akalitazama huku amejishika kiuno. "Ni ile ile," akasema, akaenda kunikatia mbavu. Nilikula peke yangu pale kwenye benchi tulipozoea kula wawili. Mwenzangu alikuwa hapendi mafuta, alikuwa akinisukumia vipande vyake vyenye mafuta kwa ncha ya kisu. Nikalipiga bango picha nikamtumia. Alama zikawa za buluu, ameona. Hakujibu.

Rola sikuzitupa. Nilizitia kwenye kopo la majani ya chai, nikajiambia ni kwa dharura, ingawa rola iliyokwisha haifai kwa dharura yoyote duniani.

Baada ya muda, asubuhi moja, nikiwa bado nafungua madirisha ya duka, simu ikaleta ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti yake, na kuku wa jirani zao nyuma.

"Mwenzangu. C yangu umeiweka vizuri kuliko mimi, wallahi. Nimeitazama mpaka mama kaniuliza natazama nani." Kuku wakasikika. "Zile rola. Umezitupa?"

Nikabonyeza, nikamjibu neno moja. "Bado."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mezani. "Basi nitumie ile ya dirishani."

Nilifunga duka siku ile, saa za kazi, jambo ambalo silifanyi. Niliifunga rola kwa karatasi ya mgongo wa stika, ile inayobaki baada ya kuchambua, nikapiga tepu juu yake, nikaandika namba yake kwa kalamu nene. Ile ya ukutani niliiacha ndani ya kopo. Nikatembea hadi kwenye ofisi ya mizigo ya mabasi ya Mombasa, nikapanga foleni nyuma ya mtu mwenye magunia ya viazi.

Karani alipima kile kifurushi kwa kiganja, akashika kalamu ya kujazia risiti. "Ni nini ndani?"

"Rola ya mashine."

"Ni mpya?"

"Imekwisha."

Akanitazama juu ya miwani yake. "Mama, sasa mtu atafanya nini na rola imeisha?"

Nikamwambia aandike spea.